Kabla ya Kununua Kiwanja Madale, Itazameni Magomeni

Wenzi vijana wenye watoto wadogo, mnaofanya kazi Posta, Kariakoo, Ilala au Upanga, nawaomba mnisikilize kabla hamjampa dalali hela ya kiwanja cha Madale. Hela hiyo, hasa mkiiunganisha na ya ndugu, itawafaa zaidi Magomeni, Ilala, Temeke au Sinza. Najua nasema kinyume cha mnayoambiwa na wazazi, wakwe na wenzenu wa ofisini: nunua kiwanja, hata Chanika, hata Kibaha, mji utakufuata hukohuko. Kweli mji hufuata. Ninachouliza ni kwamba utakapofika, mtoto wenu atakuwa darasa la ngapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Magomeni Mapipa, nimeolewa Sinza, na miaka yangu mingi ya kazi nimefundisha katikati ya jiji, darasa la pili na la tatu. Katika umri huo mtoto hajui kuficha uchovu. Saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza tunaanza hesabu za kutoa, na tayari kuna kichwa kimelala juu ya daftari. Ukimuuliza mwenyewe ameamka saa ngapi atakwambia saa kumi, na kwamba mama alimvalisha sare akiwa bado amelala. Anatoka Chanika, au Bunju, au Mbezi ya ndanindani. Wazazi wake wote wawili wako kazini mjini, wakaona afadhali asome karibu nao kuliko arudi mchana kwenye nyumba isiyo na mtu. Soksi zake zina vumbi jekundu la huko atokako. Ndani ya mkoba kuna chakula cha mchana na sweta, maana alfajiri barabarani ni baridi. Jioni wenzake wanaondoka, yeye anakaa barazani pa ofisi ya walimu hadi mama yake atoke kazini saa kumi na moja, kisha mama na mtoto wanaingia kwenye foleni. Kazi ya nyumbani anaifanyia kwenye daladala. Nikisahihisha naijua mara moja, kwa sababu tarakimu zinapanda na kushuka nje ya mraba.

Wengine hawana hata mama wa kuwasindikiza. Anayesafiri peke yake anasimama kituoni na sare yake, daladala zinapita, kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo na konda anataka mtu mzima alipe kamili. Nimewaona wanafunzi wangu wakikimbia nyuma ya basi mkoba ukiwapigapiga mgongoni. Wazazi wa watoto hawa si wazembe. Walijinyima miaka wakanunua kiwanja, wakapandisha nyumba tofali kwa tofali, wakaezeka, wakahamia sakafu ikiwa bado haijasakafiwa. Wote watakwambia walifanya hivyo kwa ajili ya mtoto.

Dada yangu anakaa Goba. Nyumba yake ni nzuri: vyumba vinne, baraza pana, miembe mifupi ya kisasa, banda la kuku nyuma. Nikienda kulala kwake wakati wa likizo, usiku nasikia upepo na vyura wa korongoni. Lakini siku ya kazi, saa nne asubuhi, unaweza kutembea njia yao yote kutoka kwenye lami hadi getini kwake usikutane na mtoto hata mmoja. Kulia ukuta, kushoto ukuta, juu ya kuta vipande vya chupa, na kila geti lina mbwa wake. Ndani yumo dada wa kazi, mara nyingi binti mdogo aliyetoka Singida au Iringa mwaka uleule, pamoja na mtoto ambaye hajaanza shule, na televisheni. Shemeji anaondoka kabla ya saa kumi na moja alfajiri ili aiwahi foleni ya Mwenge, dada anafuata. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, shemeji na mtoto wake mdogo wanaonana mmoja wao akiwa usingizini. Uwanja ulionunuliwa ili watoto wacheze ni mpana kweli, na nyasi zake zinafyekwa na kijana wa kulipwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba nje ya mji ndiko kwa kulea familia. Familia ni watu waliopo, si vyumba. Mnapochagua mahali pa kununua nyumba, swali la kwanza lisiwe ukubwa wa kiwanja, liwe hili: saa nne ya asubuhi nani atakuwa ndani ya nyumba hiyo, na saa kumi jioni mtoto atapokewa na nani?

Magomeni haikuota ovyo kama wengi wanavyodhani wanapoiita uswahilini. Serikali ya kikoloni ilipima vitongoji kwa ajili ya Waafrika wa Dar es Salaam, vikiwemo Ilala, Magomeni na Temeke. Mpango wenyewe ulikuwa wa kibaguzi, Wazungu wakibaki na Oysterbay yao na bahari yao. Hata hivyo mitaa ilinyooshwa na viwanja vikapangwa, na mpaka leo gari la wagonjwa au la zimamoto linaweza kufika karibu na mlango wa nyumba nyingi. Mwalimu Nyerere alikuwa na nyumba Magomeni, siku hizi ni makumbusho. Ipitieni mwone ilivyo nyumba ya kawaida, katikati ya majirani. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, maeneo ya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni nayo yakapimwa: serikali ikachonga barabara na kuleta maji, mwananchi akajenga mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Kazi hiyo imeshalipiwa. Barabara zipo, shule zipo, masoko yapo, misikiti na makanisa yapo, hospitali ya Amana ipo Ilala na ya Mwananyamala ipo Kinondoni. Anayenunua nyumba humo ananunua na hayo yote.

Nyumba niliyokulia ni ileile ya Kiswahili mnayoijua. Mlango mmoja mbele, baraza mbili za saruji pembeni mwake. Ukiingia, korido inanyooka hadi mlango wa uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, stoo, bafu, choo na bomba. Sisi tulikaa upande mmoja, wapangaji upande wa pili. Mama yangu alikuwa anauza vitumbua asubuhi na vitambaa mchana, na sikumbuki hata siku moja akihangaika nani atabaki na watoto. Alibaki aliyekuwepo. Bibi mmoja mjane, mpangaji wa chumba cha katikati, alikuwa akisuka ukili barazani kutwa nzima. Alitulisha, alitutuma dukani, alitupeleka chuoni kusoma Kurani, na alituadhibu bila kusubiri ruhusa. Kodi yake ilikuwa ndogo na mama hakuipandisha. Alijua anachopata kutoka kwake.

Siku hizi mambo yamebadilika, lakini si kwa kiasi ambacho watu wa Mbezi wanadhani. Piteni mitaa ya nyuma ya Mwembechai saa kumi na moja jioni. Watoto wako nje wamechora mstari wa kidali. Mama wa chapati ameshawasha jiko. Fundi cherehani anaona kila anayeingia na kutoka, na mgeni asiyejulikana akizungukazunguka ataulizwa anamtafuta nani. Ulinzi huo haulipiwi kwa mwezi na hauna kampuni.

Kutoka Magomeni Mapipa hadi Posta ni kilomita tano hivi. Tangu Mei 2016 mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni unapita hapohapo kwenye njia yake. Mabasi yanajaa kupita kiasi, na malalamiko ya abiria ni ya haki. Lakini mkazi wa Magomeni akikosa basi kabisa anaweza kutembea na akafika. Madale ni zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta, na huko hakutembeki.

Wengi hulinganisha bei ya kiwanja na bei ya nyumba wakaishia hapo. Ni kweli kwamba kwa thamani ya nyumba moja kuukuu ya Magomeni mtu anaweza kupata viwanja kadhaa Chanika. Kaeni chini na karatasi, muandike na yanayofuata: kusafisha kiwanja, kuweka bikoni, kuvuta umeme kutoka nguzo ya mbali, kuvuta maji au kuchimba kisima, simtanki na mnara wake, boza la maji wakati kisima kimekauka, ukuta, geti, mlinzi, mchango wa kumwaga kifusi barabarani kila masika inapokatika. Halafu gari. Kwa watu wengi wa pembezoni gari si starehe, ni sehemu ya nyumba, maana bila hilo nyumba haikaliki. Na likishanunuliwa linataka mafuta, matairi na fundi kila mwezi mtoto anapotaka ada. Ongezeni basi la shule. Mkishamaliza kujumlisha kwa miaka kumi ya kwanza, ndipo mrudi kwenye bei ya Magomeni muitazame upya.

Kuna jambo jingine ambalo kijana halifikirii mpaka mzazi wake azeeke. Mama yetu alipokuwa na presha, dada alimchukua akae naye Goba, penye hewa na utulivu. Usiku mmoja wa mvua hali ikabadilika. Gari la jirani likakwama kwenye utelezi kabla ya kufika lami, wakambeba mama kwenye kiti cha plastiki hadi barabarani, wakapata bajaji. Alipona, alhamdulillahi. Lakini aliporudiwa na nguvu aliomba arudishwe Magomeni, na alikaa huko hadi mwisho wake, Muhimbili ikiwa karibu na wajukuu wakipita kumwamkia kila walipotoka shule. Mtu mzima anayeketi barazani Magomeni anasalimiwa na watu wengi kabla ya adhuhuri. Akiwa ndani ya geti Goba anasalimiwa na dada wa kazi.

Sisemi kila mtu abaki mjini. Mwenye shughuli zake Tegeta au Bunju, mfugaji wa kuku, fundi mwenye karakana, mstaafu mwenye afya anayetaka kupanda mihogo na mchicha, hao waende na wafurahie. Mtu anayefanya kazi nyumbani kwa kompyuta naye ana sababu. Na mkikuta eneo lililopimwa kweli, lenye shule na zahanati zilizojengwa tayari, hali ni nyingine. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulifungua maeneo kama Tuangoma, Kibada, Mbweni na Mivumoni, na waliopata viwanja humo angalau wana ramani na hati. Ninayewaonya ni ninyi mnaonunua shamba lililokatwakatwa na mzee wa eneo, kwa karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kukujulisha nani ni jirani wa nani. Hawezi kukuhamishia milki ya ardhi. Kila mwaka tunasikia kiwanja kimoja kimeuzwa kwa watu watatu, na wote wanakutana siku ya kuchimba msingi.

Barabara nayo ikumbukwe. Mwaka 2017, kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba nyingi zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wengine walikuwa wamekaa humo miaka na miaka, wamezaa na kuozesha humo. Yule anayesema mji utakufuata asisahau kwamba mji huja na tingatinga pia.

Mitaa ya zamani ina magonjwa yake, na ningewadanganya nikiyanyamazia. Bonde la Msimbazi lipo katikati yetu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, mbali na vibarua vyao vyote. Baadhi walirudi mjini kupanga vyumba kwa sababu kule hapakuwa na riziki. Mpaka leo mvua kubwa ikinyesha barabara ya Jangwani hufungwa na Magomeni hukatwa na mji kwa muda. Basi msinunue nyumba ya upande wa bondeni, Hananasifu ya chini wala Kigogo ya chini, hata bei ikiwa ya kutupa. Waulizeni wapangaji maji yalifika wapi ukutani, wasiulizwe wenye nyumba. Kelele zipo, hasa Ijumaa na Jumamosi, na pa kuegesha gari hapatoshi. Mashimo ya vyoo yamezeeka, kwani mfumo wa majitaka haujafika sehemu kubwa ya jiji. Hayo yanarekebishika kwa fedha na halmashauri yenye nia.

Ugonjwa mkubwa ni mirathi. Nyumba nyingi za Magomeni na Ilala zina majina ya marehemu. Mzee alijenga miaka ya 1950 au 1960, akaoa wake wawili, akaacha watoto tisa, na mmoja wao akafariki naye akaacha watoto. Kila tawi la ukoo limeshika chumba. Mmoja anakaa, mwingine amepangisha, wa tatu yuko Muscat au Mombasa na anasubiri fungu lake. Bati limetoboka, na hakuna wa kulibadilisha kwa sababu kila mmoja anaona atamtengenezea mwenzake. Hapo ndipo dalali anapokuja na mteja, na mtoto mkubwa anajitokeza na kusema yeye ndiye mwenye nyumba.

Msimpe hata shilingi. Takeni kwanza barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, na jina lililomo liwe la huyo anayezungumza nanyi. Takeni muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za warithi wote, na wale walio mbali wapigieni simu wenyewe, msiridhike kuambiwa wamekubali. Kama muuzaji ana mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi mjue kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio, na kama ina malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Kodi ya jengo siku hizi hukatwa kwenye luku, hiyo haina shida. Mkataba uandikwe mbele ya wakili mliyemchagua ninyi. Malipo yaende kwenye akaunti ya mirathi, yasiende mkononi mwa mtu. Ikichukua miezi minane acheni ichukue. Nimewaona jirani zetu wakinunua kwa haraka nyumba ya urithi, na dada wa marehemu akatokea na kesi iliyokula miaka na sehemu kubwa ya akiba yao.

Nawageukia na warithi wenyewe, wenzangu wa Magomeni. Tunalia kwamba mitaa yetu inachukuliwa na matajiri, na sisi ndio tunaowapa kwa kugombana. Familia changa ya mwalimu na muuguzi haiwezi kusubiri kesi ya mirathi kwa miaka kumi. Mfanyabiashara anaweza, naye ndiye atakayeipata nyumba. Tumeliona Kariakoo. Nyumba za Kiswahili ziliuzwa moja baada ya moja, zikapanda ghorofa za maduka na stoo, na leo ukipita usiku baada ya maduka kufungwa, ni wachache waliobaki wanaolala pale kama wakazi. Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu, wengi wao wakiwa kwenye shughuli zao za kutafuta riziki. Mtaa ukishaacha kuwa wa familia, wanaobaki ni wapangaji wa fremu, na hakuna tena jirani wa kusema nguzo hii imechimbwa chini. Magomeni inaelekea hukohuko kando ya barabara kubwa. Kila familia changa inayokimbilia Madale inaiachia nafasi fremu nyingine ya duka.

Najua hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi yangu, nayo ni ya pesa. Kiwanja cha pembezoni kinalipwa kidogokidogo, na nyumba inapanda kwa mafungu: mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta hadi lenta, bonasi ikitoka tunapaua. Pagale linasubiri bila kudai riba. Nyumba ya Magomeni inatakiwa yote kwa pamoja, na mshahara wa mwalimu hauna uwezo huo. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo inayowapeleka vijana wengi nje ya mji hata wale ambao mioyo yao iko Sinza.

Majibu yapo, ingawa si mepesi. La kwanza ni ndugu kuungana. Nyumba ya Kiswahili imejengwa kama iliyokusudiwa watu wawili: vyumba vitatu huku, vitatu kule, ua mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu hati moja kuwa na majina zaidi ya moja na fungu la kila mmoja kuandikwa. Ndugu wawili wanaopatana, au marafiki wawili waliosoma pamoja, wakinunua kwa namna hiyo kila mmoja anapata upande wake, na baadaye wakiwa na uwezo wanapandisha ghorofa kwa kibali na kwa mhandisi. Andikeni makubaliano mkiwa bado mnapendana, na yasemwe humo itakuwaje mmoja akifariki au akitaka kuuza.

La pili ni kununua sehemu ya jengo. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria inayomruhusu mtu kumiliki fleti yake na kupewa hati yake, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mikopo ya nyumba. Karibu kila linalotakiwa kisheria lipo. Kilichokosekana ni majengo ya ghorofa tatu au nne, yasiyo na lifti, yasiyo na marumaru ya kuringia, yenye vyumba viwili na sebule, yanayojengwa juu ya viwanja vya Magomeni na Temeke na kuuzwa kwa watu wa mishahara ya kawaida. Tusiambiwe haiwezekani. Machi 2022 zilizinduliwa nyumba za Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644, mahali palepale ambapo kota za zamani zilibomolewa na wakazi wake wakasubiri miaka mingi. Kaya 644 zimekaa hatua chache kutoka mwendokasi, kutoka soko na kutoka shule. Kaya hizo zingepewa viwanja vya uzio mmoja mmoja, zingekula kijiji kizima cha Bunju.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam; ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na sehemu kubwa tumewaelekeza pembezoni, kila mmoja na ukuta wake na foleni yake. Barabara zinapanuliwa, madaraja yanajengwa, na magari yanajaza upya. Halmashauri ya Jiji na Manispaa za Kinondoni, Temeke na Ubungo zinatumia fedha nyingi kuwafuata watu walikokimbilia. Nawaomba madiwani wageuze sehemu ya fedha hiyo irudi kwenye mitaa iliyopimwa zamani: mifereji izibuliwe, mabomba ya majitaka yafike, muziki wa baa uzimwe saa inayoruhusiwa, viwanja vya wazi vya watoto virudishwe kutoka kwa waliovijengea gereji. Nawaomba na wenye mabenki watume maofisa wao wakaitazame nyumba kuukuu yenye hati safi Magomeni, walinganishe na pagale la Madale wanalolikubali kama dhamana.

Nanyi wenzi vijana, wanangu, kabla ya malipo ya kwanza fanyeni hivi. Chagueni Jumatatu moja ya masika. Amkeni mkawe kwenye kituo cha daladala kilicho karibu na kiwanja mnachokitaka saa kumi na moja alfajiri, na watoto wenu mkiwa nao, mpande mpaka kazini, na jioni mrudi hukohuko kwa njia ileile. Wiki inayofuata nendeni Magomeni au Ilala, mkakae barazani kwa mtu mnayemfahamu kuanzia saa kumi jioni hadi usiku, siku ya kelele, Ijumaa. Waangalieni watoto siku zote mbili, halafu ndipo mkamwone wakili.